Ushirikishwaji Bila Uamuzi: Uhakiki wa Dhana ya Upangaji Miji Shirikishi Katika Kupunguza Athari za Mafuriko, kwa Kurejelea Mji wa Hedaru, Wilaya ya Same

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya upangaji miji shirikishi kama inavyotumika nchini Tanzania katika mijadala ya kupunguza athari za mafuriko. Mji unaorejelewa ni Hedaru, ulioko chini ya Milima ya Upare ya Kusini. Hoja kuu ni kwamba ushirikishwaji, kama unavyotekelezwa, umechukua nafasi ya haki ambayo wakazi wa vijiji wanayo kisheria, yaani haki ya kuridhia au kukataa ugawaji wa ardhi. Haki hiyo hupungua pale kijiji kinapogeuka mji, wakati uleule ambapo nyumba zinasogea karibu na njia za maji na hatari inaongezeka. Makala yanaonesha pia kwamba mpango wa mji mmoja hauwezi kudhibiti maji yanayoanzia mlimani na kupita chini ya reli na barabara zinazosimamiwa na taasisi zisizohudhuria mkutano wa wakazi. Mwishoni yanapendekezwa maswali matatu ya kupimia mpango wowote unaojiita shirikishi.

1.0 Utangulizi

Hedaru ni mji wa biashara unaokua katika Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro. Upande wake wa mashariki imesimama Milima ya Upare ya Kusini, ambayo kilele chake, Shengena, kina kimo cha zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi ni nyika kavu inayoteremka kuelekea bonde la Mto Pangani. Kati ya mlima na nyika vimepita vitu viwili vilivyochangia kuufanya mji huu uwepo: reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, na barabara kuu ya Korogwe hadi Same. Maji yanayoshuka kutoka mlimani hayana budi kuvuka njia hizo kabla ya kufika nyikani.

Mafuriko ya mahali kama hapa yana tabia yake. Hayafanani na yale ya Rufiji, ambako maji hupanda taratibu na kukaa kwa siku nyingi. Chini ya Milima ya Upare, makorongo hukaa makavu sehemu kubwa ya mwaka, kisha hujaa kwa saa chache na kushuka na mchanga, mawe na magogo. Tukio la mvua la Machi 2006 katika bonde la Makanya, jirani na Hedaru, lilichunguzwa na watafiti wa haidrolojia: kiasi cha milimita 100 za mvua kilinyesha kwa takribani saa tatu, na vijito vilivyo karibukaribu viliitikia mvua hiyo kwa namna tofauti sana. Novemba 2009, katika Kata ya Mamba Miamba wilayani humohumo, maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 20. Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalivamia mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Katesh, kama Hedaru, ni mji wa barabarani chini ya mlima.

Pamoja na ukweli huo, maandishi mengi kuhusu upangaji miji na mafuriko nchini yamejikita Dar es Salaam. Miji midogo iliyo chini ya milima hutajwa zaidi baada ya maafa kuliko kabla yake. Makala haya yanauliza: ikiwa Hedaru itapangwa kwa njia inayoitwa shirikishi, wakazi wake watakuwa wameshiriki katika nini hasa?

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Makala yanatumia uhakiki wa matini. Matini zinazohakikiwa ni sheria za ardhi, mipango miji na mazingira, pamoja na msamiati unaotumika katika mazungumzo ya kiutawala kuhusu mafuriko. Uzoefu wa Dar es Salaam na Nairobi umetumika kama kioo cha kulinganishia. Data mpya kutoka uwandani hazikukusanywa, kwa kuwa lengo ni kuikagua dhana kabla haijatumiwa kama chombo cha kukusanyia data.

Kwa upande wa nadharia, kianzio ni Sherry Arnstein, ambaye mwaka 1969 alichora ngazi yenye vidato vinane vya ushiriki wa wananchi. Katika vidato vya chini wananchi huchezewa tu. Katika vidato vya kati huarifiwa, huombwa maoni na hutulizwa. Katika vidato vya juu huwa na mamlaka ya kuamua. Mchango wake mkubwa ni kuonesha kwamba mtu anaweza kuhudhuria kila mkutano bila kuwa na uwezo wa kubadili chochote. Bill Cooke na Uma Kothari, katika kitabu walichokihariri mwaka 2001, walikwenda mbali zaidi kwa kudai kwamba ushiriki wenyewe unaweza kugeuka chombo cha kuwatawala wanaoshirikishwa. Hoja hizo zinafaa hapa, lakini zina upungufu mmoja unaojadiliwa katika sehemu ya 7.0: zinachukulia kwamba kuna serikali upande mmoja na wananchi upande wa pili, ilhali maji ya mlimani huwagawa hata wananchi wenyewe kati ya walio juu na walio chini.

3.0 Neno na Mamlaka Yake

Istilahi si nguo tu ya kuivika sera. Humwonesha msomaji nani anatenda na nani anatendwa. Neno ushirikishwaji limeundwa kutokana na kitenzi shiriki, likaongezwa kiambishi cha kusababisha (-ish-), kisha kile cha kutendwa (-w-). Kwa hiyo maana yake ya kimofolojia ni hali ya mtu kufanywa ashiriki. Aliyemfanya ashiriki hatajwi ndani ya neno, lakini bila yeye neno halina maana. Yeye ndiye anayepanga siku ya mkutano, ajenda, lugha ya ramani na muda wa maswali. Neno ushiriki, lililo fupi na kongwe zaidi, halimhitaji mtu huyo.

Haidaiwi hapa kwamba kubadili neno kutabadili utawala. Inadaiwa kwamba neno limeshika vizuri kile kinachotendeka. Katika mpango unaoitwa shirikishi, kwa kawaida wakazi huingia baada ya maswali makuu kujibiwa: eneo la mpango linaishia wapi, hatari ni ipi, na fedha ni za kazi gani. Kinachobaki kwao ni kuorodhesha kero na kupanga vipaumbele. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika katika halmashauri mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikusudia kuanzia chini. Hata hivyo, orodha inayoibuliwa na wakazi hupanda kwenda wilayani, na huko hukutana na ukomo wa bajeti ambao wakazi hawakuwapo ulipowekwa.

Istilahi ya pili ni maeneo hatarishi. Kitenzi hatarisha humaanisha kutia hatarini. Kwa kuiita ardhi hatarishi, tunaifanya ardhi kuwa mtenda. Korongo ndilo linalohatarisha. Kalvati jembamba, mlima uliokatwa miti na kiwanja kilichouzwa bila kupimwa hutoweka katika sentensi. Istilahi ya tatu ni wakazi wa mabondeni. Mahali pamegeuzwa sifa ya watu, na mara nyingi neno wavamizi huifuata sifa hiyo bila kuulizwa nani aliwauzia viwanja, nani alipokea kodi ya majengo na nani aliwafikishia umeme. Istilahi hizi tatu zikikaa pamoja, hadithi inayosimuliwa ni moja: ardhi inahatarisha, watu wamevamia, na serikali inashirikisha. Uhakiki hauna budi kuuliza kama hadithi hiyo ni ya kweli.

4.0 Kutoka Kuridhia Hadi Kutoa Maoni

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, lakini inaizuia kugawa ardhi hiyo bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Halmashauri ya kijiji, kwa upande wake, ni chombo chenye hadhi ya kisheria kinachoweza kushtaki na kushtakiwa. Tukiondoa kasoro za utekelezaji, ambazo ni nyingi, mkazi wa kijiji ana nafasi ya kuridhia au kukataa.

Kijiji kinapogeuka mji, mambo hubadilika. Chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, eneo hutangazwa kuwa eneo la mipango, mamlaka ya upangaji huandaa rasimu ya mpango, na rasimu hiyo huwekwa wazi ili wenye maslahi watoe maoni na pingamizi. Maoni hupokelewa na kuzingatiwa na mamlaka ileile iliyoandaa rasimu. Mtaa, ambao ni ngazi ya chini kabisa katika mamlaka za miji, hauna hadhi ya kisheria iliyo sawa na ya kijiji wala mkutano wake hauna idhini inayohitajika kabla ya kiwanja kugawiwa. Kwa maneno mengine, mkazi aliyekuwa akiridhia sasa anatoa maoni.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Miji kama Hedaru, iliyokua kutokana na vijiji na masoko kando ya reli na barabara, huvuka mstari huo wa kisheria katika kipindi kigumu kuliko vyote. Bei ya ardhi inapanda, watoto wa wenyeji wanauza sehemu ya mashamba ya wazee wao, wageni wananunua, na viwanja vya bei nafuu ni vile vilivyo karibu na korongo. Ujuzi wa wenyeji kuhusu mahali maji yalipopita miaka iliyotangulia ungekuwa na thamani kubwa sasa, lakini ndipo uwezo wao wa kukataa ugawaji unapopungua. Neno ushirikishwaji hujitokeza kwa wingi katika nyaraka wakati huohuo. Kwa hiyo si sahihi kuuona ushirikishwaji kama nyongeza ya demokrasia katika upangaji. Katika mazingira ya mji unaozaliwa, ni kifuta jasho cha haki iliyopungua.

Inaweza kupingwa kwamba mkutano mkuu wa kijiji nao umewahi kuridhia ugawaji mbaya, kwa kuhongwa, kwa woga au kwa kutojua. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini dawa ya idhini iliyotumiwa vibaya ni kuiimarisha kwa taarifa na kumbukumbu bora; kuiondoa na kuweka maoni mahali pake hakumpi mkazi taarifa zaidi wala hakumwondolei mlanguzi wa viwanja nafasi yake.

5.0 Mstari wa Mita 60

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaiweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto katika orodha ya ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa za hatari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 nayo inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya umbali huohuo. Kwa mto wenye kingo imara, mstari huu unapimika. Kwa korongo la mchanga chini ya mlima, kuna tatizo la msingi: ukingo wenyewe huhama. Maji yaliyobeba mchanga huujaza mkondo wa zamani, kisha huchonga mpya. Nyumba iliyokuwa mita 80 kutoka ukingoni inaweza kujikuta mita 40 baada ya msimu mmoja wa masika bila mwenye nyumba kusogeza hata tofali moja.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Barabara ya 2007 imetenga hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, na reli ina hifadhi yake. Katika mji mwembamba uliobanwa kati ya mlima na njia kuu, mistari hii inakaribiana. Ikitumika yote bila kuangalia mahali, familia fulani zinaweza kujikuta ndani ya zuio la mto na la barabara kwa pamoja. Sheria inasema wapi wasikae. Hakuna anayewajibika kusema wapi wakae.

Mstari wa umbali sawa una faida ya urahisi, na maofisa wa halmashauri wenye watumishi wachache wana sababu ya kuupenda. Lakini urahisi huo unalipiwa na mkazi. Mpango shirikishi wenye maana ungeanza kwa kuuchora mstari upya kwa kila korongo, kwa kutumia vipimo vya wataalamu pamoja na kumbukumbu za wazee kuhusu mahali maji yalipofika, kisha kuuhakiki baada ya kila mafuriko makubwa. Hiyo ni kazi ambayo mtaalamu peke yake haiwezi, kwa sababu makorongo mengi madogo hayana vituo vya kupimia maji. Mkazi peke yake pia haiwezi, kwa sababu kumbukumbu ya miaka 30 haitoshi kukadiria mvua inayokuja mara moja katika miaka 100.

6.0 Mafunzo ya Dar es Salaam na Nairobi

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Baadhi ya waathirika wa Bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, mbali na katikati ya jiji, na wengine walirudi bondeni kwa sababu riziki yao ilikuwa huko. Desemba 2015 na Januari 2016 nyumba nyingi za bondeni zilibomolewa. Mwaka huohuo wa 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora ramani za mitaa yao, mifereji na maeneo yanayojaa maji. Mwaka 2018 wadau mbalimbali walikutanishwa kuandaa mpango wa Bonde la Msimbazi, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa kuliendeleza bonde hilo.

Mtu asiye na haki atakubali kwamba yapo maendeleo makubwa kati ya ubomoaji wa 2015 na mikutano ya 2018. Mwenye haki atayakubali zaidi. Ramani Huria ilithibitisha kwamba wakazi wanaweza kutoa data ambayo serikali haikuwa nayo. Hata hivyo, mambo mawili yanahitaji uangalifu. Kwanza, aliyechora ramani si lazima awe ndiye anayeamua itumikeje. Ramani inayoonesha nyumba zinazofikiwa na maji inaweza kutumika kujenga mfereji, na inaweza pia kutumika kuweka alama ya X ukutani. Mkazi aliyeonesha kwa uaminifu kimo cha maji nyumbani kwake anapaswa kujua mapema taarifa hiyo itatumiwa na nani. Pili, nyaraka kuu za mpango wa Msimbazi ziliandikwa kwa Kiingereza. Nchi iliyorekebisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama haina sababu ya kuendelea kuwaomba wananchi maoni juu ya matini wasiyoweza kuisoma.

Nairobi inatoa mfano wenye matumaini na onyo kwa pamoja. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Wakazi, kupitia Muungano wa Wanavijiji na washirika wake, walijipanga kuanzia makundi ya kaya kumi hadi ngazi ya mtaa mzima, na wataalamu wa fani mbalimbali wakaandaa mpango pamoja nao. Ni vigumu kupata mfano mwingine Afrika Mashariki uliofika ndani kiasi hicho. Hata hivyo, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali ya taifa iliagiza watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka mitoni, na nyumba zikabomolewa katika Mukuru na Mathare. Mpango wa kaunti, uliotengenezwa kwa miaka mingi ya mikutano, haukuwa ngao dhidi ya amri ya siku chache. Somo kwa Hedaru ni kwamba makubaliano ya ngazi moja ya serikali yanapaswa kuzifunga ngazi nyingine. La sivyo, ushiriki wote unaning'inia kwenye uzi wa dharura ijayo.

7.0 Maji Hayafuati Mpaka wa Mpango

Tuseme mkutano wa Hedaru umefanyika vizuri: matangazo yametolewa mapema, wanawake na vijana wamesikilizwa, ramani iko kwa Kiswahili. Bado kuna walioalikwa wachache mno. Maji yanaanzia kwenye miteremko ya kata za mlimani kama Vunta, ambako wakulima wana mashamba yao na shida zao. Juu zaidi kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mito na vibali vya maji ni vya Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Makalvati ya barabara kuu ni ya TANROADS, ya barabara za wilaya ni ya TARURA, na ya reli ni ya Shirika la Reli. Kamati za maafa, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, zina mfumo wao hadi ngazi ya chini.

Kwa hiyo mkutano wa wakazi unaweza kuamua kuzibua mfereji wa mtaa, kisha mfereji huo ukamwaga maji kwenye kalvati ambalo hakuna mkazi mwenye ruhusa ya kulipanua. Dhana ya ushirikishwaji imetufundisha kuuliza kama wananchi wameshirikishwa. Katika Hedaru swali lenye tija zaidi ni kama taasisi zimeshirikishwa: je, mhandisi wa barabara, wa reli, ofisa wa misitu na wa bonde wamekaa meza moja mbele ya wakazi, wakaeleza kila mmoja atafanya nini na lini? Ngazi ya Arnstein haina kidato cha swali hili. Inapima umbali kati ya mwananchi na mamlaka. Haipimi mtawanyiko wa mamlaka yenyewe, wala mgongano wa maslahi kati ya mkulima wa mteremkoni na mwenye duka la barabarani.

Tena, si kila aliye chini anaona mafuriko kuwa adui. Makanya, wakulima wa nyikani huyaelekeza maji ya mafuriko mashambani kwa mifereji na kulima mahindi mahali ambapo mvua pekee haitoshi. Ukuta unaoilinda barabara au mji unaweza kumnyima mkulima huyo maji, au kumletea kwa kasi asiyoiweza. Mpango unaoyahesabu mafuriko kuwa hasara tupu umekwisha kumtenga mtu mmoja kabla mkutano haujaanza.

8.0 Ndiva, Msaragambo na Mbiru

Upare una historia ya kujadili maji kati ya walio juu na walio chini. Ndiva ni bwawa dogo linalojazwa maji usiku na kufunguliwa mchana ili kumwagilia mashamba kwa zamu. Ukarabati wa ndiva na mifereji yake ulifanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo asiyehudhuria hutozwa faini. Watafiti wameeleza pia makubaliano ya kugawana maji kati ya wakulima wa Vudee, walio juu, na wa Bangalala, walio chini yao. Kinachofundisha katika mfumo huu ni kwamba kushiriki kulikuja na haki inayoshikika: aliyefanya kazi alipata zamu ya maji, na aliyenyimwa zamu alijua pa kulalamika.

Historia hiyo isigeuzwe pambo. Uongozi wa ndiva ulikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wanaume wa koo zilizozichimba. Mgeni na mwanamke walipata maji kupitia kwa mtu mwingine. Mji wa Hedaru una wageni wengi, wapangaji na wanawake wenye kaya. Kuurithi msaragambo bila kurekebisha nani ana sauti ni kuhamisha ubaguzi wa shambani kwenda mtaani. Aidha, serikali imezoea kuutumia moyo wa msaragambo kupata nguvukazi ya bure ya kuzibua mitaro, huku haki iliyoambatana nao ikiachwa mlimani.

Kumbukumbu nyingine ni ya mbiru. Katika miaka ya 1940 utawala wa Kiingereza ulianzisha Upareni kodi iliyokadiriwa kwa kila mtu kulingana na mali yake, ikapewa jina hilo la ushuru wa zamani. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga. Kama alivyoonesha mwanahistoria Isaria Kimambo, walikuwa tayari kulipa kodi ya kawaida. Walichokipinga ni makadirio yaliyofanywa juu yao kwa njia wasiyoielewa wala kuikubali. Mkadiriaji wa mbiru na mchoraji wa mstari wa mita 60 hawafanani kwa nia, kwa maana wa pili anataka kuokoa maisha. Lakini swali la wanaokadiriwa ni lilelile: kipimo hiki kimepatikanaje, na tukikikataa tunakwenda kwa nani?

9.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba udhaifu wa upangaji miji shirikishi hautokani tu na mikutano mibovu. Unatokana na mpangilio wa kisheria unaomwondolea mkazi wa mji unaokua idhini na kumpa maoni, na wa kiutawala unaotawanya njia ya maji kwa taasisi nyingi. Kwa msingi huo, mpango wowote unaojiita shirikishi katika mji kama Hedaru upimwe kwa maswali matatu. Kwanza, nani aliweka mpaka wa mpango, na je, mpaka huo unafika maji yanakoanzia na yanakoishia? Pili, nani anaweza kukataa, na kukataa kwake kunaizuia hatua gani? Tatu, nani atabeba hasara ya uamuzi, na amehakikishiwa nini kabla ya kuubeba?

Kwa vitendo, maswali hayo yanadai mambo yanayowezekana ndani ya sheria zilizopo au kwa marekebisho madogo: mkutano wa wakazi wa mtaa au kitongoji kupewa idhini ya lazima pale kiwanja kinapogawiwa karibu na korongo, mstari wa hatari kupimwa kwa kila korongo na kupitiwa upya baada ya mafuriko, jukwaa moja la mlima, mji na nyika chini ya Bodi ya Maji ya Bonde, ambapo taasisi zote zinawajibika kujibu kwa maandishi na kwa Kiswahili, na kiwanja mbadala kuoneshwa kabla ya nyumba kuwekewa alama.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna miji mingine ya ukanda huu, kama Makanya, Mkomazi na Mombo, inavyopita kutoka hadhi ya kijiji kwenda mji. Hedaru bado ni mji ambao sehemu ya ardhi yake haijajengwa. Njia za maji zinaweza kuachwa wazi leo kwa gharama ya mazungumzo magumu. Baada ya miaka michache zitafunguliwa kwa gharama ya nyumba za watu.